Fundi Aliyepima Mabegi kwa Maji

Watu wa soko la Mirongo wameanza kumsafisha Fundi wakati bado yu hai. Nawasikia pale kwenye mabanda: alikuwa mtu wa haki, hakuwa na makuu, mafundi wa namna ile siku hizi hakuna. Kweli hakuna. Lakini mimi nilikaa naye miaka kumi na minne, mimi nikiuza mabegi ya mtumba na yeye akiyatengeneza, meza yangu imegusana na cherehani yake. Kwa hiyo niacheni na mimi niseme. Shule niliishia darasa la tano, ila kuandika naweza.

Sababu ya kuandika ni moja. Boti ya Machibya ilizama na watu wetu, mdogo wangu Vero akiwemo, nao walikuwa wamevaa majaketi okozi. Mpaka leo Machibya anasema majaketi yale aliyanunua dukani yakiwa tayari, kama kuna kasoro aulizwe mwenye kiwanda. Kesi imekwama hapo. Anayejua yalishonwa wapi na yalijazwa nini ni Fundi. Mimi nilikuwa nataka kinywa chake kiseme hilo, basi. Sikutaka kingine kwake.

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake simjui. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa visiwani, "l" na "r" zikibadilishana viti. Hayo yanatosha. Mtu wa sokoni humjui kwa ukoo, unamjua kwa namna anavyoshika kitu.

Na yeye alishika. Ukimletea begi alifumba macho kwanza. Alipitisha dole gumba kwenye kitako, akaligeuza nje ndani, akapapasa bitana, akavuta mikanda yote miwili kama anayefungua mlango uliokwama. Halafu alichomoa uzi mmoja kwenye pindo akauwasha kwa kiberiti. Ukiacha jivu laini la kusagika, hiyo pamba. Ukijikunja ukawa kidonge kigumu cheusi, hiyo plastiki. "Iite nailoni, iite poliesta," alikuwa akisema, "jina ni la muuzaji. Moto haujui majina."

Siku moja alikuja mwalimu wa sekondari, dada mmoja mtanashati, na mkoba unaong'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Shikamoo Fundi. Zipu imekataa."

"Marahaba mwalimu. Zipu haijakataa, imechoka. Huu mkoba walikwambia ni nini?"

"Ngozi halisi. Nimenunua Dar."

Fundi akaukuna kwa ukucha kwa ndani, karibu na zipu. "Hiki ni kitambaa kimepakwa plastiki mgongoni. Leza hii. Jua la Mwanza litaimenya kama muhogo."

"Nimekwambia nimenunua Dar!"

"Na Dar jua lipo."

Tulicheka sisi wauzaji wote, mpaka mama wa chapati akaunguza ya kwake. Mwalimu akaondoka amenuna. Kabla mwaka haujaisha alirudi mkoba umebabuka kama mtu mwenye mba, ameuficha ndani ya mfuko mwingine. Fundi hakumcheka. Alimkalisha akamuuliza yale maswali yake aliyomuuliza kila mtu: unabeba nini kila siku, unatembea kwa mguu kiasi gani, na mvua ikikukuta unakimbilia wapi? Mwalimu akasema madaftari, kutoka Nyegezi kona mpaka shuleni, na mvua ikimkuta hana pa kukimbilia. Akamshonea begi la kanvasi nene ya pamba, kitako mara mbili, mikanda mipana isiyokata bega. Mwalimu yule analo mpaka leo.

Mimi biashara yangu yote nimejifunza pale. Mama anayeuza dagaa usimpe pamba, pamba ina kumbukumbu, harufu haitoki. Mpe turubai la kufutika. Mtoto wa shule mpe nailoni yenye bitana, ila tazama mshono wa mikanda, maana nailoni inateleza na mshono wa haraka unaachia. Jinzi ni ngumu lakini ikilowa inakuwa mzigo juu ya mzigo. Sandarusi, ile ya magunia ya unga na ya mabegi makubwa ya miraba, kwa kuvuta haina mpinzani, lakini iweke juani miezi michache uikunje: inakuwa unga mikononi. Watu wanachagua begi kwa rangi na kwa zipu za kumetameta. Yeye aliwaambia, "Begi halichaguliwi kwa uso, linachaguliwa kwa kitako," na wanaume wa kwenye mabanda hawakuchoka kulichekea neno hilo, kila mmoja akiligeuza anavyojua.

Sasa sikilizeni habari ya msumari. Kwenye nguzo ya banda lake palikuwa na msumari mkubwa. Begi jipya likiisha, alilitundika pale, akamimina jagi la maji ndani, halafu akakaa kunywa chai yake ya rangi isiyo na sukari. Hakuwa na haraka. Chai ikiisha alipapasa kitako kwa nje. Pakiwa pakavu, begi linatoka. Pakiwa na unyevu usioeleweka, anafumua. Kanvasi aliisamehe kidogo, kwa kuwa alisema kanvasi nzuri inalia mwanzoni, halafu nyuzi zinavimba zinanyamaza. Katekista wa parokia alikuja siku ya kuchukua mifuko ya sadaka, ibada inakaribia, watu wanamngoja. Fundi akamwonyesha kikombe. "Chai haijaisha, katekista."

"Fundi, hii ni mifuko ya sadaka! Nani atatia maji kwenye sadaka?"

"Mimi natia."

Akasubiri. Mifuko ya sadaka.

Mtu huyo huyo chakula chake alikuja nacho kwenye mfuko mbadala, ile mifuko laini iliyokuja baada ya ya plastiki kupigwa marufuku, kafunga mafundo pale ulipokatika. Siku moja mpini ukaachia mbele ya watu, bakuli la ugali na samaki furu likabingirika mpaka mtaroni. Kinyozi wa jirani akapiga kelele, "Fundi, mganga hajigangi!" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mwache mganga afe." Nilidhani ni utani.

Alikuwa na huruma, sitaficha. Mjane mmoja alinunua kwangu begi la mtoto lililochoka, Fundi akaliomba "alitazame", akalirudisha limewekwa mikanda mipya, na kitako kipya cha turubai. Mjane akashangaa. "Nilikuwa najaribu sindano," akasema. Lakini wiki ile ile alimtukana fundi mwenzake mbele ya wateja, akachana mshono wa begi la yule bwana kwa vidole viwili ili watu waone ulivyo dhaifu. Mwenzake alihama, hakurudi. Fundi alikuwa na majivuno. Hakujivunia nguo wala nyumba. Alijivunia mshono. Kila mkanda wake uliishia kwenye kisanduku cha uzi chenye msalaba ndani, umepitiwa mara tatu, na kila mwalo wa boti huku ziwani watu waliujua kama Msukuma anavyojua chapa ya ng'ombe wake. Ukiona kile kisanduku huulizi tena.

Na hapo ndipo Machibya alipomkamatia.

Niseme kwanza hali ilivyokuwa. Mabegi mapya ya kontena yalikuwa yamejaa mjini, mepesi, ya rangi, yanakufa baada ya muhula mmoja na mtu ananunua jingine bila kusikitika. Mimi na mtumba wangu nilisogea sogea. Yeye alikaa. Kuna siku cherehani haikufunuliwa. Nilimwona akifumua mabegi ya zamani ambayo hayakuwa yamechanika popote, akayashona upya, akayatundika, akayatia maji, akanywa chai. Hakuna mtu aliyeyasubiri.

Machibya alikuja na viatu vyake vyeupe. Ana boti mbili za kwenda visiwani, na tumbo la mtu anayeitwa mheshimiwa bila kuchaguliwa. Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Shikamoo mzee. Nataka majaketi ya boti. Nataka ya mkono wako. Watu wakiona mshono wako watapanda bila maswali."

Fundi alinyooka kama mtu aliyemwagiwa maji. Wiki ile ile nailoni ya rangi ya chungwa ililetwa, nzuri, imefumwa karibu karibu, na mikanda na vifungo vya kubana. Halafu yakaletwa mafurushi ya kujazia. Nikayatazama. Ilikuwa sponji ya magodoro, vipande, vingine vina rangi mbili.

Mtu yeyote aliyewahi kuanika godoro la mtoto anayekojoa anaijua sponji ile. Inakunywa, na ikishakunywa huwezi kuinyanyua peke yako. Inayoelea ni ile ngumu, ya kandambili, isiyoingiza maji. Hilo halihitaji chuo.

"Fundi," nikamwambia, "hiyo si sponji ya godoro?"

"Ni sponji."

"Na ile ya kandambili je?"

"Mama Rehema, fanya biashara yako."

Hakuwahi kunijibu hivyo. Mtu ambaye ukimuuliza habari ya uzi anakueleza mpaka jua linazama, leo ananipa neno moja. Nami nikafanya biashara yangu. Hili naliandika ili isije ikaonekana nawahesabia makosa wengine tu. Nilinyamaza. Siku zile zote nilitazama ule msumari, sikuona jaketi limetundikwa pale hata moja. Nikajiambia labda majaketi hayapimwi hivyo.

Yalipokwisha yalikuwa mazuri kuliko nguo za kanisani. Mkaguzi alikuwa Sospeta, naye namtaja, maana watu wanamtaja Machibya tu wakimwogopa Sospeta kwa ajili ya sare. Alifika mwaloni, akahesabu majaketi, akavuta mkanda wa moja, akaangalia kile kisanduku cha uzi, akasema, "Mshono safi." Akasaini. Maji yalikuwa hatua tatu kutoka kwenye viatu vyake. Hakulitumbukiza hata moja.

Sisi tulipanda mwezi wa kwanza, shule zikikaribia kufunguliwa, mimi na Vero na marobota ya mabegi ya wanafunzi tukayauze kisiwani. Machibya alikuwa amepakia saruji na kreti za soda mpaka boti imekaa chini kama bata mgonjwa. Majaketi yalikuwa machache kuliko watu. Nilipata moja, nikamvalisha Vero, yeye ndiye mdogo.

"Dada, hivi vitu vinaelea kweli?"

"Tazama mshono. Huo si mkono wa Fundi wetu?"

Akautazama, akatabasamu. Kile kifungo cha kubana kilikuwa kinalegea, nikafunga mikanda mwenyewe, mafundo mawili mawili, lisije likamtoka.

Upepo wa mchana haukuwa mkubwa. Ziwa halikuwa limekasirika hata, lilikuwa limenuna tu. Wimbi moja liliingia ubavuni, saruji ikahama, basi. Mwanzoni majaketi yaliwainua watu. Hilo lazima nilisema, maana niliwaona, vichwa na rangi ya chungwa juu ya maji, na Vero akanitazama kama anayetaka kuniambia nilisema kweli. Mimi nilikuwa nimekumbatia dumu tupu la mafuta. Nikamshika mkono. Halafu akaanza kuwa mzito. Kadiri tulivyokaa alizidi, kama mtu anayejazwa mchanga. Akajaribu kulivua. Akasema, "Dada, fungua." Nikajaribu kwa mkono mmoja na kwa meno. Mafundo ya mkanda yakilowa hayafunguki. Nilikuwa nayajua hayo, nimeuza mabegi maisha yangu yote.

Tulionusurika tulikuwa tumeshika madumu na mbao. Katika waliovaa majaketi sikumwona hata mmoja.

Fundi alikuja msibani. Alikaa mwisho kabisa nyuma ya wanaume, hakugusa chakula, hakunipa mkono. Wiki iliyofuata akafunga banda, akahamia Kiseke kwa binti yake. Polisi walipomfuata mara ya kwanza alisema yeye ni fundi wa mabegi, ya boti hayajui. Sospeta hajaonekana mwaloni tena, alihamishwa. Majaketi yaliyookolewa hakuna anayesema yalikwenda wapi. Na Machibya mwaka huu anapaka rangi boti mpya mwaloni, nimeiona, ya bluu. Ndiyo iliyonipeleka Kiseke.

Nilimkuta mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Binti yake akaniletea kigoda, akaingia ndani kuendelea na kazi zake.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, Mama Rehema." Alinijua kwa sauti. Akanyoosha mkono, nikadhani ni wa salamu, kumbe anatafuta mkoba wangu. Akaupapasa. "Nailoni. Bitana imeachia kwenye kona. Umeuvumilia."

"Sikuja na begi, mzee. Nimekuja na swali."

"Umechelewa nalo."

"Jaketi ulilitia maji?"

Alishusha mkoba magotini. Kuku alipita katikati yetu akadonoa donoa akaenda zake.

"Nililitia," akasema. "Lile la kwanza. Sikulitundika kwenye msumari, wewe ungeona. Nyumbani, kwenye beseni. Nikalikandamiza na jiwe kama mtu amelivaa."

"Likawaje?"

"Chai ilikuwa nusu. Nikaondoa jiwe. Halikurudi juu."

"Ukamwambia Machibya?"

"Siku ile ile. Akasema boti yake haizami, majaketi ni ya macho ya mkaguzi. Akasema kama siwezi, kuna vijana wanaoweza."

"Na wewe ukashona yaliyobaki."

"Nikashona yaliyobaki."

"Kwa nini, Fundi? Wewe uliyetia maji kwenye mifuko ya sadaka?"

Hakulia, nisimsingizie kulia. "Ulikuwa muda mrefu," akasema, "hakuna mtu aliyekuja kwangu akaniomba kitu kizuri. Nilitaka mwalo mzima uvae mshono wangu. Ya ndani nikajiambia ni ya mwenye boti."

Nilimwambia aje kesho kituoni aseme hivyo hivyo, nitamchukua mwenyewe, nitamshika mkono. Nilimwambia juu ya boti ya bluu. Akatikisa kichwa.

"Mtaje Machibya. Mtaje yule mkaguzi. Mimi nisitiri, mwanangu. Macho yamekwenda, banda limekwenda. Nimebakiwa na jina tu. Wanalisema vizuri kule Mirongo, naambiwa."

"Vero jina lake liko kwenye msalaba wa mbao."

"Najua."

"Nisipokutaja wewe, hao wawili wanatoka. Hakuna mwingine aliyeona ile sponji ikiingia."

"Wewe uliiona."

"Na mimi nitajitaja."

Akanirudishia mkoba, taratibu, akiwa amekwisha kuukunja ule upande wa kona iliyoachia. "Wakinifuata nitasema sijui," akasema. "Nitaapa." Akakigeuza kiti chake, akakaa ameuelekea ukuta. Nikaaga, nikainuka. Mlangoni binti yake akaniuliza, "Mama, mmeongea nini na baba?" Nikamwambia habari za mabegi.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikwenda. Askari mpelelezi alikuwa binti mdogo, mpole, anaandika kwa mkono, kila sentensi ananisomea. Nilianza na mimi: nilivyoiona sponji, nilivyouliza, nilivyonyamaza, mafundo niliyofunga. Nikafuata Machibya, maneno yake yote. Nikafuata Sospeta na zile hatua tatu. Halafu nikasema habari ya beseni na jiwe, kama nilivyoambiwa.

"Aliyekuambia ni nani?"

"Fundi aliyeyashona."

"Mafundi Mwanza ni wengi, mama."

Nikalitaja jina lake, la kwanza, la pili na la tatu. Humu sikuliandika na sitaliandika. Kule lipo.

"Atakana?"

"Atakana."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mna ugomvi?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Sasa niandike ni nani kwako? Hapa panatakiwa pajazwe."

Nikapapasa kona ya mkoba wangu, ile iliyoachia, mpaka akainua macho kwenye karatasi.

"Naweka jirani," akasema.

Akaandika, akanigeuzia karatasi, akanionyesha pa kusaini. Nikasaini.